Mwadhini Kapitiwa na Usingizi: Kuunda Ampli ya Muziki ya Kuuza Ukiwa Mtwara

Bibi mmoja wa Mikindani alinipigia simu saa moja na nusu asubuhi. Salamu hakutoa. "Mwanangu," akasema, "mwadhini wako leo kapitiwa na usingizi."

Bibi huyu alikuwa mteja wangu wa tano. Nilimuuzia sanduku la mbao lenye kompyuta ndogo na ampli ya stereo ndani yake, linalocheza muziki kutoka intaneti, simu au flashi, na spika zake mbili pembeni. Mambo ya stereo hayakumshughulisha. Alitaka taarab jioni na adhana alfajiri, basi. Usiku ule umeme ulikatika kwa muda wa kama saa mbili hivi, kisha ukarudi wote wakiwa wamelala. Sasa, Raspberry Pi niliyoitumia, yaani ile kompyuta ndogo, haina saa yenye betri yake. Ikizimika ghafla, ikiwaka tena bila intaneti huanza kuhesabu kuanzia muda wa mwisho iliouandika kwenye kadi. Na intaneti ya nyumba ile ilikuwa simu ya mwanawe, ambaye usiku huo alilala Masasi. Adhana ya saa kumi na moja ikasikika saa moja, jua limeshatoka.

Dawa yake ni kimoduli cha saa, DS3231, chenye betri ya kifungo. Bei yake haifiki sahani mbili za chipsi kuku. Pi 5 ina saa yake kwenye bodi, ila hata hiyo betri unanunua mwenyewe, na nimeshaona watu wakiisahau.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu ndicho kilichonifungua macho. Miezi minne ya mwanzo niliimaliza nikibishana na nafsi yangu kuhusu chipu gani ya DAC, ile inayogeuza muziki wa kidijitali kuwa mawimbi ya umeme ya kulisha ampli, ina sauti tamu zaidi. Baadaye masanduku yakaanza kurudi, na mpaka leo hakuna hata moja lililorudi kwa sababu ya sauti. Yamerudi kwa umeme, kwa kadi, kwa chumvi ya bahari, kwa vitufe, na mara moja kwa mjusi. Kwa hiyo wewe kijana unayejua kulehemu na umeshajitengenezea ampli yako ukaipenda, sasa unataka kuuza, pesa yako ipeleke kwenye yale ambayo hakuna atakayeyasikia.

Hiyo DAC tuimalize hapa hapa. Mimi natumia PCM5102A ya Texas Instruments. Inapokea muziki moja kwa moja kutoka kwenye pini za Pi na inatoa volti 2.1. Kwenye sebule yenye feni ya dari na jogoo dirishani, hakuna mteja atakayeitofautisha na chipu ya bei mara tano. Chagua, kata shauri, songa mbele.

Wati zina maneno zaidi. Mteja wetu amezoea sabufa za dukani zilizoandikwa wati elfu kadhaa kwenye katoni, za ile hesabu ya PMPO isiyo na kipimo kinachoeleweka. Wewe unakuja na yako iliyoandikwa 30, anakucheka. Usidanganye, lakini hesabu yako ijue vizuri ili usijidanganye mwenyewe. Chipu ya ampli ninayotumia, TPA3116D2, inasifiwa kwa wati 50 kila upande. Soma karatasi yake mpaka chini: ni kwa spika za omu 4, volti 21, na upotofu wa asilimia 10. Kwa upotofu huo sauti ya mwimbaji imeshachanika kama turubai. Mimi sampuli ya kwanza niliilisha adapta ya volti 12 halafu nikashangaa bezi imekwenda wapi. Chukua volti uzizidishe zenyewe kwa zenyewe, ugawe kwa mara mbili ya omu za spika. Volti 12 kwenye omu 8 ni wati 9 tu, na hizo ni za kwenye karatasi. Volti 24 zinakupa 36. Hakuna ufundi wa kuikwepa hesabu hiyo.

Halafu tazama spika kabla hujaongeza wati. Ukiwa na spika ya desibeli 90 na ya desibeli 84, yaani ukubwa wa sauti kila moja inayotoa ikilishwa wati zilezile, ile dhaifu inahitaji wati mara nne kuifikia mwenzake. Nimeokoa pesa nyingi za wateja kwa kuwaambia wabadilishe spika, waache ampli nzima kama ilivyo.

Kuna kosa moja hapa ambalo wengi hawalioni. Ile chipu ya ampli unaipangia ukuzaji kwa rizista mbili: desibeli 20, 26, 32 au 36. Bodi nilizoagiza zilikuja zimepangwa juu. Kwa volti 24, ampli haiwezi kutoa zaidi ya volti 17 hivi za wastani, na DAC inaipa 2.1. Hiyo ni mara nane tu. Desibeli 20 ni mara kumi, imeshatosha na kubaki. Ukiacha 32, spika zinatoa mvumo wa "ssss" hata muziki ukiwa kimya, na kitufe cha sauti ukikigusa kidogo tu watoto wanaamka. Nilibadilisha rizista, na mteja wa Ligula aliyekuwa akilalamika akadhani nimembadilishia ampli nzima.

Mlio wa "pah!" unapowasha nao una tiba. Chipu ina pini ya kuizima sauti, iunganishe na Pi. DAC iamke kwanza, ampli ifunguliwe mwisho, na wakati wa kuzima kinyume chake. Ni mistari michache ya programu, lakini ndiyo inayomfanya mteja aone kifaa hiki kimetoka dukani.

Sasa umeme, ambao ndio roho ya kazi. Masanduku matatu ya kwanza yalikuwa na transfoma ndani, ile ya duara, nzito kama tofali. Moja nililipakia basi kwenda Newala. Lilipofika, transfoma ilikuwa imeng'oka na kulala juu ya Pi kama mgonjwa juu ya mwuguzi. Nililipa. Lakini kilichoninyima usingizi zaidi ni wazo la volti 230 ndani ya sanduku la mbao, katika nyumba ambazo waya wa ethi mara nyingi upo kwenye soketi tu na haufiki ardhini. Siku hizi umeme mkubwa hauingii ndani ya bidhaa yangu. Natumia adapta ya nje, ya namna ya kompyuta mpakato, volti 24 na ampea 5, iliyokwishapimwa usalama huko ilikotengenezwa. Radi ikipiga masika, mara nyingi inakufa adapta na sanduku linabaki. Mteja ananunua adapta nyingine, mimi sigombani na mtu.

Faida nyingine ya adapta ni kwamba sanduku linakubali betri ya sola. Hapa nilijikwaa tena. Mteja mmoja wa Tandahimba alinipigia akisema ampli yake imefunga: mchana kimya, jua likizama inaimba. Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Alikuwa ameiunganisha kwenye mfumo wa sola wa volti 24, na betri za mfumo huo zikichajiwa adhuhuri hupanda mpaka kuvuka volti 28. Kikomo cha chipu ni 26. Ilikuwa inajilinda. Sola ya volti 12 haina tatizo, maana ikipanda sana inafika 14 na kitu. Wati zinapungua ila hakuna kinachoungua. Sasa nyuma ya kila sanduku nimeandika kwa herufi kubwa: SOLA VOLTI 12 TU.

Kadi ya kumbukumbu nayo. Kompyuta inataka izimwe kwa adabu, na umeme wetu haubishi hodi. Ukikatika wakati Pi inaandika kwenye kadi, kuna siku haitawaka tena. Huwezi kumwambia mama mwenye nyumba, "ukihisi umeme unataka kukatika, zima kwanza." Panga mfumo wako uwe wa kusoma tu, chochote kinachoandikwa kikae kwenye kumbukumbu ya muda na kifutike umeme ukienda. Muziki wa mteja ukae kwenye flashi yake, mbali na kadi ya mfumo. Tangu nifanye hivyo, kadi iliyoharibika imerudi moja tu, nayo ilikuwa feki.

Bahari pia ni mteja wako. Masanduku ya Shangani, karibu na bahari, yanachakaa kabla ya yale ya Nanyamba, mbali na pwani, na mwenye macho anajua kwa nini. Kitufe cha sauti cha kawaida, kile cha kuzungusha chenye utepe wa kaboni ndani, kinaanza kukwaruza baada ya misimu miwili. Nimehamia kile kinachohesabu mizunguko, kwa hiyo hakuna sauti inayopita ndani yake na hakuna wa kusikia mkwaruzo. Bodi napaka vanishi ya elektroniki, isipokuwa kwenye soketi. Kapasita nunua za nyuzi 105, achana na za 85. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 za joto unazopunguza, umri wake unaongezeka mara mbili, na sisi tunaanzia nyuzi 30 hata kabla ya kuwasha. Matundu ya hewa yafunike kwa wavu mwembamba. Mjusi niliyemtaja alitafuta joto, akapata na volti.

Sanduku lenyewe ndilo linalouza, nisikufiche. Natumia mninga, na kishikio cha kitufe ni mpingo, vipande wanavyobakiza wachongaji wa vinyago. Mpingo wa kwetu kusini unasafiri kwenda kuwa klarineti na zumari za orkesta za Ulaya, kwa nini usikae sebuleni kwetu? Ni mgumu, unaua misumeno, lakini ukiushika ni baridi na mzito, na mteja akishauzungusha mara moja bei haiulizi tena kwa sauti ileile. Kiufundi mbao inapitisha Wi-Fi vizuri, jambo ambalo sanduku la chuma linakataa. Ila haizuii kelele za redio, kwa hiyo chini ya bodi naweka bati la alumini lililounganishwa na hasi ya umeme.

Kuhusu intaneti, vifaa vya namna hii vilibuniwa na watu wenye Wi-Fi nyumbani saa zote. Kwetu Wi-Fi ni simu ya baba, na baba akitoka intaneti inatoka naye. Sanduku liwake na kucheza bila mtandao wowote, na likumbuke simu zaidi ya moja. Kisha piga hesabu ya kifurushi: muziki wa kilobiti 320 kwa sekunde unakula megabaiti 144 kwa saa. Ubora wa CD bila kubanwa ni kama 635. Mteja akicheza hivyo tangu asubuhi hadi jioni atadhani umemwibia. Mimi naweka ubora wa kati uwe ndio wa kuanzia, anayetaka wa juu auchague mwenyewe. Mwisho wa yote, wengi wanatumia Bluetooth na flashi. Ilinichoma roho mwanzoni, baada ya usiku wote ule wa kuprogramu. Nikaizoea.

Kuuza kuna milango yake. Kifaa chenye Wi-Fi na Bluetooth kina idhini yake TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na viwango ni TBS, shirika la viwango. Anzia ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, wakuelekeze kabla hujatengeneza vipande hamsini. Programu huria ya kuchezea muziki kwenye Pi, kama moOde, unaweza kuitumia, lakini masharti ya leseni yake yasome, kwa sababu anayenunua ana haki ya kupata msimbo wake. Na usichapishe nembo za Spotify, AirPlay wala Bluetooth kwenye sanduku kwa kuwa tu limekubali kucheza. Kila moja ina mwenyewe na taratibu zake.

Bei nilikosea vibaya. Vipuri vilinigharimu shilingi 310,000, nikauza 380,000, nikajiona tajiri. Sikuhesabu siku zangu tatu za kazi, nauli ya mizigo kutoka Dar, wala lile sanduku la Newala. Sasa katika kila masanduku kumi nahesabu moja kuwa la kurudi, na gharama zake nazigawia yale tisa.

Msimu pia uhesabu. Mwaka wa kwanza nilimaliza kutengeneza mzigo wangu Januari, nikajipanga barazani kusubiri wateja. Pesa za korosho zilikuwa zimeingia tangu minada ya Oktoba na Novemba, na kufikia siku hiyo zimeshakuwa bati, pikipiki na mahari. Mwaka uliofuata bodi niliagiza Juni, mbao nikaikausha Julai, na mnada wa kwanza ulipotangazwa masanduku kumi na mawili yalikuwa rafuni yameshapimwa. Moja, lenye saa, nilimpelekea yule bibi wa Mikindani badala ya lile la zamani. Aliliwasha, akakaa nalo mpaka magharibi akiitazama saa ya ukutani, ndipo akanikaribisha chai.