Jibu: Walimu wamenuna kwa sababu ya viboko, nifanyeje?

Mkuu, umesema tangu ukabidhiwe shule umebandika tangazo la kupunguza viboko na walimu wamenuna. Ndivyo inavyokuwa agizo likishuka kutoka ofisini bila wao kuulizwa. Itisha kikao, anza na Kanuni za Adhabu ya Viboko za mwaka 2002, zinazoongoza shule za Tanzania: viboko visizidi vinne, mchapaji ni wewe au mwalimu uliyemteua kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Nimekuta wengi hawajawahi kuzisoma, hata walimu wa nidhamu! Kisha waachie wao waamue mchelewaji afanywe nini, maana mwalimu wa zamu ndiye anayekutana naye getini asubuhi. Wale wabishi zaidi waingize kwenye kamati ya nidhamu. Wakishiriki kuuandika utaratibu, watausimamia hata ukiwa safarini wilayani.