Maswali yenu: sikukuu za Desemba na watoto wadogo

Barua za safari hii ni nyingi, na karibu zote zimetoka kwa wazazi na walezi wenye watoto wa chini ya miaka saba. Desemba inabisha hodi na kila mmoja anataka mtoto wake aonje utamu wa sikukuu alizokulia yeye mwenyewe. Nimechagua zinazogusa wengi.

Mwalimu, shikamoo. Binti yangu ana miaka miwili na nusu. Mume wangu anasema najichosha bure kumwandalia sikukuu kwa sababu hatakumbuka lolote. Ni kweli?

Marahaba, mama. Ni kweli kwamba akiwa mtu mzima huenda asiikumbuke Desemba hii. Mambo mengi ya kabla ya miaka mitatu husahaulika. Lakini mtoto wa umri huo anajifunza kwa kurudiarudia, na anachojifunza sasa ni kwamba kwao kuna siku ambazo watu hukaa pamoja, huimba na huwasha taa. Mwakani vitu vilevile vikitolewa kwenye sanduku lilelile, atavirukia.

Chagua jambo moja au mawili tu, na hakikisha yeye ana kazi ndani yake. Nimefundisha chekechea miaka mingi, na nimeona jinsi mtoto aliyepewa nyota moja ya karatasi aitundike mwenyewe anavyoishughulikia siku nzima. Anaitundika chini kabisa, kwenye tawi ambalo mkono wake unafika. Anaitoa, anaitundika tena palepale, kisha anamshika kila mgeni kidole na kumvuta aje aione. Mti uliopambwa na wakubwa yeye akiwa amelala anautazama dakika mbili, basi. Kwa hiyo nakuomba, usiihamishe nyota yake usiku ili mti upendeze. Iache hukohuko chini.

Wanangu wa miaka minne na sita wananiuliza kila asubuhi kama Krismasi ni leo. Nimechoka kujibu.

Swali lao ni la zamani. Katika mji wa Hamburg, Ujerumani, mchungaji wa Kilutheri Johann Hinrich Wichern alikuwa akilea watoto maskini kwenye makazi yaliyoitwa Rauhes Haus. Inasimuliwa kwamba walikuwa wakimwandama kwa swali hilohilo. Mwaka 1839 akachukua gurudumu la mkokoteni akalipanga mishumaa: midogo myekundu kwa siku za kawaida, na minne mikubwa myeupe kwa Jumapili nne za Majilio. Kila siku ukawashwa mmoja zaidi, na watoto wakaweza kujihesabia wenyewe. Huko ndiko lilikotoka shada la Majilio la mishumaa minne tunaloliona leo makanisani na majumbani.

Wichern aliwaelewa watoto. Ukimwambia mtoto wa miaka minne "bado siku kumi na mbili" hujamwambia kitu. Anataka siku hizo azione na azishike. Tengenezeni mnyororo wa pete za karatasi, pete moja kwa kila siku iliyobaki, na kila jioni baada ya chakula ikatwe moja. Wa miaka sita akate leo, mdogo wake akate kesho, hivyo hivyo mpaka mwisho, na zamu isirukwe hata kama mmoja amekosa adabu siku hiyo. Asubuhi wakiuliza, waelekeze kwenye mnyororo.

Kalenda za vidirisha, zile ambazo mtoto hufungua kidirisha kimoja kila siku, nazo ni nzuri, ila angalieni mnachoweka ndani. Kila kidirisha kikiwa na peremende, watoto watahesabu peremende. Wekeni pia vikaratasi vya mambo ya kufanya: leo tunaimba, leo tunampigia babu simu, leo tunachora kadi ya jirani.

Mwanangu wa miaka mitano anataka kujua kwa nini sikukuu nyingi za wakati huu zina mishumaa na taa. Nimjibuje?

Swali hili limenifurahisha mno, baba, na usilijibu kwa mdomo tu. Chukua tochi na mpira. Weka doa la kalamu karibu na juu ya mpira, zima taa ya chumba, kisha uinamishe mpira kidogo ili sehemu ya juu iipe tochi kisogo. Sasa uzungushe polepole. Ataona doa linapita kwenye mwanga kwa muda mfupi na kukaa gizani muda mrefu. Hivyo ndivyo ilivyo kaskazini mwa dunia mwezi Desemba, kwa kuwa mhimili wa dunia umeinama nyuzi 23.5 hivi. Usiku mrefu kuliko yote huko huangukia tarehe 21 au 22. Weka doa la pili sehemu ya chini ya mpira uzungushe tena, aone kwamba watoto wa kusini kabisa mwa dunia wana mchana mrefu siku hiyohiyo na Krismasi yao inawakuta katikati ya joto.

Baada ya hapo hadithi zitaingia zenyewe. Wairani hukesha usiku huo mrefu, wanauita Yalda, jamaa wakiwa wamewazunguka wazee, wakila makomamanga na tikiti maji na kusoma mashairi ya Hafidh. Huko Sweden, tarehe 13 Desemba ni siku ya Mtakatifu Lusia: msichana mwenye kanzu nyeupe huongoza maandamano akiwa na taji la mishumaa kichwani. Kwenye kalenda ya zamani usiku huo ndio uliohesabiwa kuwa mrefu kupita yote. Wayahudi nao wana Hanukkah, siku nane, mshumaa ukiongezwa kila usiku, pamoja na mmoja wa ziada unaotumika kuwashia mingine.

Tahadhari moja. Usimwambie kwamba zote ni kitu kimoja. Hanukkah inakumbuka kuwekwa wakfu upya kwa Hekalu la Yerusalemu, katika karne ya 2 kabla ya Kristo, na Wakristo wana sababu yao. Mtoto wa miaka mitano anaweza kabisa kuelewa kwamba watu tofauti wanawasha mishumaa kwa sababu tofauti.

Mtoto wangu wa miaka sita ameniuliza kama Baba Krismasi ni kweli. Nimebabaika.

Kwanza mrudishie swali: "Wewe unaonaje?" Jibu lake litakuonyesha kama anataka kuendelea kucheza au anataka kujua. Anayetaka kucheza atakueleza kwa furaha jinsi Baba Krismasi anavyoingia ndani usiku. Mwache. Anayetaka kujua atakukazia macho na kuuliza tena, na huyo mwambie kweli. Kwangu hili halina mjadala: mtoto anayekuuliza kwa dhati asidanganywe, maana kesho atakuuliza mambo mazito zaidi.

Na ukweli wenyewe ni mtamu. Mwambie kwamba katika karne ya 4, kwenye nchi ambayo leo ni Uturuki, alikuwepo Nikola, askofu wa mji wa Myra, na kwake ndiko alikotoka Baba Krismasi. Hadithi zinasema aliwasaidia kwa siri mabinti watatu wa baba fukara kwa kuwatupia dhahabu usiku ili asijulikane. Uholanzi mpaka leo watoto huweka viatu vyao vikasubiri zawadi, na jioni ya tarehe 5 Desemba ndiyo kilele cha sherehe ya Nikola huyo. Kisha mkabidhi jukumu: mwaka huu yeye ndiye atakayempa mtu zawadi kwa siri. Hakikisha tu anaelewa kwamba siri hii haifichuliwi kwa wadogo zake.

Mwalimu, sisi ni Waislamu. Chekechea ya mwanangu inafundisha Krismasi na sikukuu nyingine za Desemba. Nimzuie?

Mpaka wa nyumba yako unauweka wewe, dada yangu, na mwalimu anapaswa kuuheshimu. Kabla ya kuamua, nenda umuulize mambo mawili: watoto watajifunza nini, na watatakiwa kufanya nini. Kusikia jinsi jirani anavyosherehekea ni elimu. Kuimba wimbo wa ibada au kuigiza kuzaliwa kwa Yesu ni jambo jingine, na una haki kamili ya kusema mwanao asishiriki. Mwalimu ajue mapema ili ampangie kazi nyingine, asije akaachwa pembeni wenzake wakitazama.

Nyumbani, mweleze mwenyewe kabla hajaelezwa na wengine. Unayo pa kuanzia: Maryamu ndiye mwanamke pekee aliyetajwa kwa jina ndani ya Qurani, na Sura ya 19 imeitwa kwa jina lake. Mtoto anayejua kwao wanaamini nini hayumbishwi na kujua wengine wanaamini nini. Ukipenda, jitolee pia kwenda darasani wakati wa Idi ukawasimulie watoto wote. Walimu wengi tunalipokea ombi hilo kwa mikono miwili.

Zawadi zimemeza kila kitu. Watoto wanafungua makaratasi, wanauliza "zimeisha?", halafu wanagombana.

Zipunguzeni, kisha mzitenganishe. Mtoto wa miaka mitatu akiletewa zawadi nane kwa mkupuo hachezi na hata moja. Ongeeni na shangazi na wajomba mapema. Si utovu wa adabu kuwaomba waungane kununua kitu kimoja.

Napenda mfano wa Kwanzaa, sikukuu iliyoanzishwa Marekani mwaka 1966 na Maulana Karenga kwa ajili ya Wamarekani wenye asili ya Afrika. Huanza 26 Desemba hadi 1 Januari, mishumaa saba kwa misingi saba, kuanzia Umoja hadi Imani. Zawadi hupewa hasa watoto, na miongoni mwake sharti kiwemo kitabu na kitu cha kumkumbusha mtoto asili yake. Huhitaji kusherehekea Kwanzaa ili kuona busara ya utaratibu huo.

Pango letu la Noeli ni la udongo, la tangu utoto wangu. Watoto wanataka kulichezea.

Wana haki ya kutaka. Mwaka 1223, pale Greccio nchini Italia, Fransisko wa Asizi aliandaa hori lenye nyasi, pamoja na ng'ombe na punda wazima, ili watu waione habari ile kwa macho yao. Pandisha la udongo juu ya kabati, na wao wape lao la mbao au la makopo ya karatasi. Kondoo atapanda juu ya paa, mamajusi watapotea chini ya kiti. Ndivyo watakavyoishika hadithi.

Naogopa ajali. Niangalie nini?

Mishumaa isiwake bila mtu mzima chumbani, na iwe mbali na mapazia na nywele. Zima taa za mti mnapolala. Kinachosahaulika ni betri bapa za mviringo, zile kama za saa, zilizomo ndani ya mapambo na kadi zinazoimba. Mtoto akiimeza inaweza kuunguza koo lake ndani ya saa mbili. Kagua kifuniko kiwe na skrubu, na ukishuku amemeza mkimbize hospitali papo hapo, usingoje dalili.

Mwanangu, mimi ni bibi. Mzee wangu amefariki mwaka huu, na ndiye aliyekuwa akiwasimulia wajukuu kila mkesha. Wazazi wao wanasema tusimtaje ili watoto wasilie.

Shikamoo, bibi, na pole sana. Kwa heshima zote kwa wazazi wao, mtajeni. Wajukuu wanaijua nafasi yake iliyo tupu, na wakubwa wakinyamaza wao watafikiri kumkumbuka babu ni kosa.

Waambieni waziwazi kwamba babu amekufa na hatarudi. Msiseme amelala au amesafiri. Mtoto wa miaka minne ataogopa kulala, au atamsubiri mlangoni. Wakilia walie, kisha dakika kumi baadaye wakicheka msiwashangae, watoto huomboleza kwa vipandevipande.

Kuhusu mkesha, mpe mtu mwingine kazi ya kusimulia, na asimulie hadithi ileile aliyokuwa akisimulia mzee. Ikibidi wewe ukae karibu umsahihishe anapokosea, maana wajukuu watakuwa wanaikumbuka neno kwa neno na hawatakubali ibadilishwe. Ukiona mwaka huu huna nguvu za kupika na kupokea wageni kama zamani, waachie wanao wafanye. Wamekuona ukifanya miaka yote hiyo, wanajua.