Shangazi, kazini wanaongea lugha nisiyoielewa

Shikamoo shangazi. Nina miaka 26, natoka Kisauni, Mombasa. Huu ni mwezi wa saba nikifanya kazi kwenye godauni moja hapa Eneo la Viwandani, Nairobi. Stoo tuko tisa, na wenzangu wanane ni wa kabila moja. Huanza kwa Kiswahili, kidogo tu wamehamia kwa lugha yao. Wakicheka nahisi wananicheka mimi. Dada mmoja tu wa risiti ndiye hunigeukia akanieleza. Juzi walibadilishiwa zamu ya Jumamosi, wakaambiana kwa lugha yao. Nilifika saa kumi na mbili asubuhi nikakuta geti limefungwa. Siku hizi chakula cha mchana nakula ngazini peke yangu. Niache kazi?

Marahaba, mwanangu. Hapo pa ngazini pamenikaa moyoni. Lakini kazi usiiache, wala si kwa ajili ya hilo.

Lugha yenyewe ulinitajia, nami nimeitoa makusudi. Hapa Nairobi barua hii angeweza kuiandika Mkamba aliye peke yake kati ya Waluo, au Mkikuyu kati ya Wasomali.

Umefunga mambo mawili kitita kimoja. Soga ni jambo lake. Watu wa lugha moja wakikaa pamoja, ulimi hujirudia nyumbani wenyewe, na Katiba ya 2010, ibara ya 44, inampa kila mtu haki ya kutumia lugha aitakayo. Mimi mwenyewe nimekuwa upande huo. Nilipokuwa karani, tulikuwa Wataita watatu meza moja, tunaongea Kitaita kutwa. Mwenzetu wa nne alikuwa msichana wa kutoka Turkana. Alikuwa akikoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha kuyeyuka zamani. Hatukumsema hata siku moja, tulikuwa na harusi za nyumbani na bei ya mbolea. Siku moja akasema taratibu, “Hata mimi ningependa kucheka.” Aibu niliyoona siku ile ninayo hadi leo. Kwa hiyo usiwaulize “Mnanisema?” Watakataa, na pengine watakuwa wakisema kweli.

Zamu, lakini, si soga. Hapo umekosewa, na usikubali kuambiwa una kinyongo. Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi, na Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inakataza mfanyakazi kubaguliwa kazini; lugha imetajwa humo waziwazi. Mwendee msimamizi wako mkiwa wawili tu. Ya kabila yaache kwanza, anza na lile geti: “Jumamosi nilikuja bure, kwa sababu zamu ilibadilishwa kwa lugha nisiyoijua. Naomba mambo ya kazi yasemwe kwa Kiswahili, au yaandikwe kwenye kikundi chetu cha WhatsApp.” Ukitoka hapo, andika daftarini tarehe, mlichoongea, na nauli uliyopoteza. Likirudiwa, mwandikie afisa wa rasilimali watu barua, nakala ubaki nayo.

Na wenzako wakianza habari ya kazi mbele yako, wakatize palepale, bila kununa: “Jamani, hilo la mzigo nirudieni kwa Kiswahili.” Mara tatu nne watazoea.

Sasa hilo la ngazini. Huyo dada wa risiti tayari amekufungulia mlango, nawe umempita ukaenda kukaa nje. Kwa wote wanane huhitaji kwenda, nenda kwake. Siku wanacheka, muulize neno walilolichekea lina maana gani. Watu wengi wakiulizwa neno la kwao hufurahi kulifundisha. Jifunze ukipenda, lakini usijifunze kama mtu anayelipa deni, kwani huna deni la mtu hapo.

Kesho mchana beba sahani yako ukakae kando yake. Kisha niandikie, nataka kujua mliongea nini.