Kuhusu Sambhaji na baba yake

Mwanangu,

Waalaikum salaam. Umeniuliza, kwa vile nilisoma Pune, kule India, kama riwaya ya Shivaji Sawant, *Chhava*, inasema kweli: Sambhaji alikuwa shujaa, au ni yule mlevi aliyemsaliti baba yake, Mfalme Shivaji wa Wamaratha?

Ushujaa wake hauna mzozo. Kifo chake cha 1689, baada ya mateso ya Aurangzeb, mfalme wa Wamughal na adui wa Shivaji, hata wasiompenda wanakiheshimu. Kinachonikaa moyoni ni mwisho wa 1678, alipotoroka akaenda kwa Dilir Khan, jemadari wa Aurangzeb huyohuyo.

Mama mwenye nyumba wangu alikuwa akitusomea kitabu hicho jioni, kidole kwenye mstari, akinitafsiria kwa Kihindi, nami Kihindi changu ni kile cha filamu. Tulipofika hapo, mumewe akatua kikombe kwa kishindo: "Anayemkimbilia adui wa baba yake si mtoto!" Akanigeukia, mgeni wa watu: kwenu mnamwitaje huyo? Nikamwambia, kwetu tunauliza kwanza nyumbani kulikuwa na nini. Bibi alicheka hadi miwani ikamdondoka. Mzee alininunia siku kadhaa, nami mpaka leo nikikumbuka nafurahi.

Maana nyumbani kwa Sambhaji kulikuwa na mambo. Mama yake, Saibai, alifariki yeye akiwa na miaka 2. Mama wa kambo, Soyrabai, alimtakia kiti mwanawe Rajaram. Ya ami yako Salim na babu yako unayajua, siyarudii. Babu yako naye alikuwa mwema kwa kila mtu aliyekuwa nje ya mlango wake.

Nawaambia kila siku: habari za mtu msizichukue kwa kizazi cha hasimu wake. Malhar Ramrao Chitnis, aliyemchafua Sambhaji kwa kalamu zaidi ya miaka 100 baadaye, ni wa ukoo wa Balaji Avji, katibu ambaye Sambhaji aliamuru auawe. Lakini ngoja, Balaji si aliuawa kweli? Na ngome ya Bhupalgad, ya baba yake mwenyewe, ilipotekwa 1679, Sambhaji si alikuwa na watekaji? Sawant anampenda mno mtu wake.

Ila alirudi. Wakaonana na baba yake kwenye ngome ya Panhala mwanzoni mwa 1680, na Aprili Shivaji akafa. Salim wetu hata hiyo miezi michache hakuipata.

Kwa hiyo alikuwa msaliti? Usinitamkishe. Ukinibana sana nitasema hapana, lakini usimwambie baba yako kuwa nimesema.

Mama yako