Masizi kwenye kabati la chipsi

SWALI: Habari za kazi. Mimi nauza chipsi nje ya stendi hapa Moshi, mwaka wa nne huu. Hiace na Coaster zinapaki hatua tatu tu kutoka kwangu na injini haizimwi mpaka gari ijae, nikifuta kioo cha kabati asubuhi ikifika saa nne kitambaa cheusi tii. Mwanangu wa miaka mitano akitoka shule anakaa hapo na mimi, siku hizi usiku anakohoa na kifua kinapiga filimbi. Shemeji yangu anasema ni vumbi tu, tena eti moshi wa magari ndo unamaliza theluji ya mlima. Ni kweli? – Mama wa chipsi

JIBU: Pole sana mama, tuanze na mtoto, mlima utasubiri. Hapo kwenye vumbi shemeji kachemka, vumbi letu ni jekundu na ukilipangusa linatoka, ukiona kitu cheusi kinanata kama grisi ujue ni masizi ya dizeli isiyoungua vizuri, mara nyingi nozeli zimechoka au chujio la hewa limeziba. Na hayo unayoyaona ndo afadhali, chembe mbaya zaidi huzioni, ukichukua unywele mmoja ukaupasua mara thelathini ndo unakaribia unene wake, zinashuka mpaka chini kabisa ya mapafu na nyingine zinaingia kwenye damu, ndo maana moyo na kiharusi navyo vinatajwa. Tangu 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameuweka moshi wa dizeli kwenye vitu vinavyosababisha saratani. Halafu mtoto anapumua haraka kuliko wewe na pua yake iko karibu na usawa wa ekzosi, chuchumaa siku moja uone.

Kifua cha filimbi usikitibu kwa tangawizi, mpeleke hospitali wamcheki pumu. Akitoka shule akae kwa jirani, na meza isogeze mbali na ekzosi kadiri utakavyoweza, hata hatua kumi zinasaidia. Konda mwambie anachoma mafuta bure, hilo atalielewa haraka kuliko habari za mapafu. (Jiko lako la mkaa nalo lina moshi wake, usijisahau.)

Mlima sasa, shemeji kapata nusu. Barafu ya Kibo, kile kilele cha Kilimanjaro, imepungua zaidi ya asilimia 80 tangu 1912, ila ilishaanza kupungua mwishoni mwa karne ya 19 kabla gari halijafika huku, kule juu kulikauka, theluji mpya haidondoki ya kutosha, na joto la dunia linaongezea. Masizi ya stendi siyo yanayoiyeyusha. Kinachopasha dunia ni kaboni dayoksaidi, haina rangi wala harufu, lita moja ya dizeli inatoa karibu kilo 2.7 wakati lita yenyewe haifiki kilo moja, maana ikiungua inabeba na oksijeni ya hewani, na haibaki Moshi, inachanganyika na ya China na Marekani. Kwa hiyo hata ile Hiace ikitengenezwa ikaacha kutema moshi mweusi, kitambaa chako kitapona lakini gesi itaendelea kutoka vilevile.

Utuandikie daktari amesemaje.