Kabla hujanunua gunia la makaa ya mawe, uliza ni yapi

Mei 2023 Rais Museveni alipopiga marufuku uchomaji wa mkaa wa biashara kaskazini mwa Uganda, bei ilipanda hapa Kampala, na sisi wahunzi wa Katwe tuliumia mapema. Jirani hununua mkaa wa kopo. Sisi tunamaliza gunia zima kabla ya Jumamosi. Siipingi amri ile. Miti ya shea iliyokuwa ikikatwa Acholi haikui kwa mwaka mmoja wala kumi. Lakini nilihitaji moto, na shemeji yangu anayeendesha lori kutoka Tanzania akanishushia magunia mawili ya makaa ya mawe aliyoyavusha mpakani Mutukula. Sikumuuliza ni ya aina gani, maana sikujua kwamba yana aina.

Gunia la kwanza lilinitesa wiki nzima. Moshi ulikuwa mzito, wa manjano, na kibanda kilinuka kama kiberiti kilichowashwa chini ya pua. Nilikuwa nafua majembe kutokana na springi za lori, na kila nilipokipiga chuma kikiwa chekundu, kilipasuka pembeni. Nikabadilisha springi, zikapasuka nazo. Mzee aliyenifundisha kazi alipita, akachukua bonge moja, akaligeuza juani na kunionyesha vidoa vinavyong'aa kama dhahabu. Hayo ni madini ya chuma na salfa. Salfa ikiingia kwenye chuma hukifanya kivunjike kinapopigwa kikiwa cha moto. Mkaa wa mti karibu hauna salfa, ndiyo maana mababu wa Bunyoro waliyeyusha chuma kwa mkaa na majembe yao yakadumu.

Tangu siku hiyo nimejifunza kuyasoma makaa kwa macho na vidole, na nakusihi nawe ujifunze. Makaa ya mawe ni mimea ya vinamasi vya kale iliyofukiwa, ikabanwa na kupashwa moto ardhini kwa mamilioni ya miaka. Kadiri ilivyobanwa, ndivyo maji yalivyotoka na kaboni ikabaki.

Machanga kuliko yote huitwa lignaiti. Ni ya kahawia, mepesi, na ukiyaanika yanameguka. Kaboni yake ni kama asilimia 25 hadi 35, na mara nyingine karibu nusu ya uzito ni maji. Usiyanunue hata kwa bei ya bure, kwani utakuwa unalipia maji na moshi.

Ya mhunzi ni bitumini. Ni meusi, yana mistari inayong'aa na mingine iliyofifia, na yanachafua mikono. Yakipata moto yanalainika na kushikamana. Moshi ukishatoka hubaki kitu chepesi chenye vitundu kinachowaka kwa joto kali bila moshi. Kwa hiyo usiyamwage katikati ya moto. Yapange pembeni yakiwa yamelowa kidogo, yaive polepole, ndipo uyasukume ndani. Wengi wanaofukiza mtaa mzima wanakosea hapo tu. Na bado chagua mabonge yasiyo na vidoa vya dhahabu.

Anthrasaiti ndiyo makongwe: magumu, yanang'aa, hayachafui mkono, kaboni asilimia 86 na zaidi, mwali mfupi wa buluu. Ni safi, lakini kuyawasha ni kazi, na yanataka upepo wakati wote. Umeme ukikatika feni inasimama, na moto wako umekwisha.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma. Mama anayepika katogo jirani yetu aliniomba vipande vya kuwashia sigiri, nami nikampa. Sikupaswa. Huko Guizhou, China, watu walikausha pilipili na mahindi juu ya moto wa makaa ya mawe ndani ya nyumba; aseniki na floraidi viliingia kwenye chakula, wakaharibika ngozi, meno na mifupa. Moshi wake ndani ya nyumba umethibitishwa kusababisha kansa ya mapafu, na tangu 2014 Shirika la Afya Duniani linashauri makaa ya mawe ghafi yasitumiwe majumbani. Nilirudi kwake siku ya pili, nikamwomba anirudishie vipande vyote, nikampa mkaa badala yake. Mtu akikuomba, mkatalie kwa upole na umweleze sababu.

Halafu kuna ile hewa isiyonuka. Usiku mmoja wa mvua vijana wangu wawili walilala kibandani, mlango umefungwa, makaa yakiwa bado mekundu chini ya jivu. Alfajiri nilimkuta mmoja anatapika, mwingine miguu haimbebi. Walidhani ni malaria. Ilikuwa monoksaidi ya kaboni, ambayo hushika damu mahali pa oksijeni. Tuliwatoa nje haraka, tukawakimbiza hospitali, wakapona. Mkaa wa mti nao hutoa hewa hiyo hiyo, kwa hiyo usilale na moto wa aina yoyote.

Jivu nalo si lile ulilozoea. La mkaa tunalimwaga kwenye migomba. La makaa ya mawe lina aseniki, risasi na zebaki, na huku Katwe mvua ikinyesha kila kitu kinaelekea mfereji wa Nakivubo, kisha Ghuba la Murchison, ambako sehemu ya maji ya kunywa ya Kampala inachotwa, pale Ggaba. Mimi naliweka kwenye pipa lenye kifuniko. Magunia pia nayaweka mahali pakavu: maji yaliyopita kwenye makaa yenye salfa hugeuka asidi, na mabati yangu ya upande ule yameliwa na kutu.

Na hewa ya juu? Kilo moja ya makaa yenye kaboni asilimia 75 hutoa takriban kilo 2.75 za hewa ukaa, kwa sababu kaboni ikiungua huungana na oksijeni ya hewani na uzito huongezeka. Desemba 1952 ukungu uliufungia moshi wa makaa juu ya London kwa siku tano, ukaua maelfu. Kampala yetu ni vilima na mabonde, na asubuhi ya baridi moshi hulala bondeni, tulipo sisi.

Siku hizi nafua visu kwa mkaa, kwenye shimo dogo nililolipaka udongo mfinyanzi ili joto lisipotee, na gunia linanifikisha Jumatano ya pili. Bitumini nawasha kwa chuma kinene tu, nje, mchana. Shemeji akipiga simu kwamba ana mzigo, namwambia aniletee bonge moja kwanza, nilishike.