Anza na dereva

Mdogo wangu, hongera kwa kazi. Wiki yako ya kwanza naijua ilivyo: umepewa kishikwambi, kitambulisho cha kuning'iniza shingoni, na rundo la itifaki ya utafiti, yaani mwongozo wa namna utafiti unavyofanyika, ambayo unatakiwa uisome na kusaini kwamba umeielewa. Isome. Ukimaliza, nenda kakae na dereva.

Nimekaa miaka 11 kwenye tafiti za TB na afya ya mapafu hapa Dar es Salaam. Nilianza kama muuguzi wa kukusanya makohozi, leo nasimamia timu ya uwandani. Mwanzoni dereva kwangu alikuwa mtu wa kutufikisha tu. Siku moja tukaenda Mbagala kumtafuta mama mmoja aliyekosa kliniki. Dereva akapaki huko dukani kwa Mangi, tukatembea dakika 10 juani na boksi la baridi mkononi. Nikanung'unika. Akaniambia, "Sista, gari hili limeandikwa ubavuni. Likisimama mlangoni kwa yule mama, mpaka magharibi mtaa mzima wanajua ana TB, na mwenye nyumba atataka chumba chake." Nikanyamaza, ila sikumwelewa sawasawa. Miezi miwili baadaye dereva wetu akiwa likizo, tukapewa mwingine, na mimi mwenyewe nikamwelekeza mpaka mlangoni. Yule mama hakutufungulia tena.

Kwenye daftari la utafiti, ukurasa wa washiriki waliopotea, yumo: "amejitoa". Sababu haikuandikwa.

Wa pili wa kukaa naye ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Wengi wetu tunamtumia kama ramani ya kutuonyesha nyumba ya nani iko wapi, kisha tunamwacha asimame nje. Mimi nilijifunza siku ya dodoso la moshi. Swali lilikuwa jepesi: unapikia nini? Kina mama wanajibu "gesi", na kweli mtungi unauona pale kwenye kona. Nikajaza gesi, gesi, gesi, nyumba 9 mfululizo. Mhudumu wetu, mama mtu mzima wa mtaa huohuo, akanivuta pembeni. "Mwanangu, muulize maharage anachemshia nini." Nikarudi nyumba ya kwanza. Maharage, makande, maji ya kuoga, vyote mkaa, tena ukumbini, kwa sababu ya mvua. Gesi ni ya chai na mayai. Dodoso lote likabidi lirekebishwe, na kibali cha marekebisho kikaombwa upya kwenye kamati ya maadili.

Maneno nayo ni hivyohivyo. Tulikuwa na swali lililotafsiriwa ofisini, "Je, kifua chako hulia?" Bibi mmoja akatuangalia, akasema kifua hakilii, anayelia ni mjukuu. Mhudumu akauliza kwa namna yake: usiku ukilala kifua kinapiga mluzi? "Aa, hicho! Kila siku ya Mungu." Kwa hiyo kabla hujaandika "hapana" kwenye fomu, jiulize kama aliyekataa ni mgonjwa au ni neno lako. Ukisikia mtu anasema ana kichomi, au mbavu zinambana, usikimbilie kumtafsiria. Andika alivyosema kwanza.

Makohozi. Hapa sitazunguka, maana ndipo wageni wengi wanapoharibu. Ukimpa mtu kikopo na kumwambia "tema humu", atatema mate. Mate hayana kazi. Kwa darubini ya kawaida yanatakiwa yawepo makohozi yenye vimelea kama 5,000 hadi 10,000 kwa kila mililita ndipo mtaalamu avione. Mwambie asukutue mdomo kwa maji, avute pumzi ndefu mara 2 au 3, kisha akohoe kutoka chini kabisa. Kiasi cha kijiko cha chai kinatosha. Afanyie nje, penye upepo, na wewe simama upande upepo unakotokea. Halafu geuza uso. Watu wanaona aibu kukohoa makohozi mbele ya binti aliyevaa koti jeupe, wakiona unawatazama wanameza.

Na namba ya mshiriki iandikwe kwenye mwili wa kikopo. Sio kwenye kifuniko. Najua umeambiwa. Mimi pia niliambiwa, lakini siku hiyo kalamu ilikuwa inateleza kwenye plastiki na kwenye kifuniko ilishika vizuri. Vikopo 4 vikafunguliwa maabara, vifuniko vikakaa pamoja, basi. Dada wa maabara angeweza kubahatisha na nisingejua kamwe, maana kuotesha vimelea kunachukua wiki 6 mpaka 8, nani angekumbuka? Alinipigia simu saa ileile. "Hivi vikopo vyako havina wenyewe." Nikarudi kuwafuata wote wanne. Mmoja alishasafiri kwenda Kilwa. Yule dada tangu siku hiyo namheshimu kuliko maprofesa kadhaa ninaowajua, na nikipata ufuta wa kutosha namtengenezea kashata.

Sasa chumba cha kupuliza. Utafiti wetu wa sasa unafuatilia watu waliomaliza dawa za TB. Mtu amemeza dawa miezi 6, ameambiwa umepona, cheti anacho, lakini akibeba ndoo moja ya maji anasimama njiani mara tatu kuvuta pumzi. Tunataka kujua mapafu yake yamebaki na nini, na chombo cha kutuambia ni spairometa, mashine inayopima hewa mtu anayoipuliza. Mashine yenyewe ni ndogo tu. Kazi yote iko kwa anayemsimamia mpulizaji.

Wa kwetu, kabla ya kusomea uuguzi, alikuwa mpiga debe. Sikutanii. Ukisimama mlangoni unamsikia: "Vuta, vuta, vuta, jaza kabisa... PULIZA! Toa, toa, toa, bado ipo, bado ipo, usibakize hata ya kurudia nyumbani!" Mzee wa miaka 70 aliyeingia kwa mkongojo anapuliza mpaka mishipa ya shingo inasimama. Mimi nikifanya kwa sauti yangu ya wodini, mzee huyohuyo anapuliza kama anapoza chai, na karatasi inatoka inasema ana ugonjwa mkubwa kuliko alio nao. Vipimo viwili bora havitakiwi kupishana zaidi ya mililita 150, na mtu mzima humpulizishi zaidi ya mara 8, anachoka na kuona kizunguzungu. Huyu kaka anapata ndani ya mara 4. Anajua nani amefunga kanga kwa kubana, nani anavujisha hewa pembeni ya mdomo, nani anaogopa kujikojolea. Hilo la mwisho, kwa kina mama waliozaa, ni kubwa kuliko mnavyodhani. Anawaambia mapema, kwa heshima, wapite chooni kwanza. Akisikia mtu amekohoa damu hivi karibuni, hampulizishi, anamrudisha kwa daktari.

Asubuhi utamkuta anasukuma lile bomba la lita 3 kuihakiki mashine. Bomba linalala chumba kimoja na mashine ili joto lao liwe sawa. Kosa likizidi asilimia 3, hakuna mtu anayepuliza siku hiyo, hata kama mgeni kutoka Ulaya amekuja kupiga picha. Nimeliona hilo kwa macho yangu, na mgeni alinuna.

Msimamizi wa takwimu utamchukia mwezi wa kwanza. Atakurudishia fomu kwa sababu umeandika urefu sentimita 116 badala ya 161. Vumilia. Mapafu yanalinganishwa na yanayotarajiwa kwa urefu, umri na jinsia. Ukimfupisha mtu, mapafu mabovu yanasomeka mazima, na huyo mgonjwa anarudi nyumbani bila msaada.

Mambo ya vibali, barua za wilaya, mwenyekiti wa mtaa, nauli ya washiriki, utaelekezwa ofisini. Ridhaa tu nikukumbushe: asiyejua kusoma anaweka dole gumba mbele ya shahidi asiye wa timu yetu. Shahidi huyo si dereva, hata kama mna haraka.

Ukisoma historia utakutana na majina makubwa. Watafiti Wallace Fox na Denis Mitchison, na majaribio ya dawa ya Afrika Mashariki yaliyoanza 1970 na kuonyesha kwamba TB inaweza kutibiwa kwa miezi 6 badala ya mwaka na nusu. Daktari Karel Styblo, na mpango wa taifa wa TB wa Tanzania wa tangu 1977, ambao dunia ilikuja kuuiga. Walistahili. Lakini sindano za kila siku za streptomaisini, dawa ya TB ya enzi hizo, alizichoma muuguzi fulani, na jina lake mimi sijalikuta popote. Kule Morogoro panya buku wanaonusa makohozi kutafuta TB kila mmoja ana jina, na mwenzao Magawa, aliyefunzwa Tanzania kunusa mabomu ya ardhini, alipewa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza mwaka 2020. Siwaonei wivu panya. Ila nilipoandika sehemu ya shukrani kwenye makala yetu ya mwisho niliweka majina yote ya madereva, nikaambiwa nafasi haitoshi, nikapunguza sentensi mbili za utangulizi ikatosha.

Jumatatu gari linaondoka saa 12 na nusu asubuhi. Dereva hasubiri mtu. Kiti cha mbele ni cha mama mhudumu, wewe kaa nyuma na boksi la baridi.